Kano Kwenye Uchanja wa Ndizi

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Bilele, mjini. Modeli imegoma tena. Ni kano ya ng'ombe ndani ya kompyuta: mtandao wa nyuzi ndogo zilizoshikana. Ukiivuta, haivutiki. Chuma kitupu. Ijumaa Dkt. Lwakatare wa chuoni anatukutanisha Muleba, mimi na mshindani wangu Jovitha wa Rubya. Atakayeleta modeli inayofanana na kano halisi ndiye atakayepata nafasi ya uzamivu. Nafasi ni moja, na mimi nina miaka thelathini na nne, bado nalishwa na mama.
Jovitha kanipigia, eti kunisaidia. Nyuzi za kano zimejikunja, hunyooka kwanza ndipo zikaze. Zangu nimezinyoosha tangu mwanzo. Nibadilishe mstari mmoja tu. Nani kamwomba ushauri?
Nimepata akili. Modeli isipofanana na kano, kano itafanana na modeli.

Jumanne
Muleba, kwa mama. Kano ya kupimia Ijumaa nimejitolea kuileta mimi; nimeinunua buchani kwa Ishengoma. Nimeificha juu ya jiko, kwenye uchanja, katikati ya ndizi za rubisi, pombe yetu, zinazoivishwa kwa moshi. Jumamosi wageni wanakuja kumposa dada Hellen, kwa hiyo moto hauzimwi. Bahati iliyoje.

Alhamisi
Imekauka safi. Nimeining'inizia ndoo ya maji, haikuvutika hata kidogo. Grafu yake na ya modeli yangu ni mapacha.
Mama kaigundua alipokuwa anashusha ndizi. Kauliza kama hiki ndicho tunachofundishwa chuo kikuu. Nimemjibu ni sayansi. Kasema sayansi inanuka.

Ijumaa
Aibu. Dkt. Lwakatare aliipokea kano asubuhi, akaipapasa, akasema mwilini kila kitu kina maji, akaitumbukiza kwenye beseni. Zamu yangu ilifika jioni. Nikaivuta mbele za watu. Ikavutika taratibu, kisha ikakaza. Grafu ya Jovitha, vilevile. Wakampigia makofi yeye, kwa kano yangu mimi!
Nafasi kachukua yeye. Nilitaka kulia. Kaja kunishukuru, kanielekeza tena ule mstari. Daktari kasema Januari kuna nafasi nyingine, nirekebishe modeli.

Jumamosi
Mshenga kaonja rubisi, kauliza kama tumeichanganya na supu. Mama kanitazama mimi.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimetafakari sana. Kuubadili ule mstari ni kazi ya dakika chache. Lakini modeli yangu haina kosa, kosa ni la maji. Nimepita dukani kwa Jagruti hapa mjini, nikanunua vanishi ya mbao. Januari waje na beseni lao.