Kombi Yetu na Vumbi la Kolwezi

Jumatatu, 7 Juni 1993

Imeamuliwa. Sisi hatuendi kulala stesheni! Wenzetu wa Kasai wamejaa pale miezi sasa, wanapika kando ya reli, wanangoja treni, na baridi ya Juni inawatafuna. Eti sisi wa Kasai ni wageni hapa Katanga. Mimi nimezaliwa Kolwezi! Baba yangu amezikwa Kolwezi! Vijana wa mtaa wamesema hadi Jumapili tuwe tumeondoka hapa Kasulo. Watoto walitangulia na mjomba wao, wako Mwene-Ditu, kule Kasai. Tumebaki mimi, mke wangu Mushiya, na mama yake, Mama Ndaya, mwenye kifua kibovu. Huyo akilala nje stesheni, tutamzika njiani. Ndilo linaloninyima usingizi.

Lakini ninayo kombi! Aliniachia Mzungu wa kazini alipokimbia. Kitanda ndani, jiko ndani, beseni la kuoshea vyombo, mapazia ya maua. Imezeeka kidogo. Haidhuru. Nilikuwa karani wa stoo ya vipuri kabla kampuni ya mgodi haijaanguka. Injini zote nazijua, angalau maboksi yake.

Dosari moja tu: ubavuni, kule nyuma, ina matundu marefu yanayoingiza vumbi. Gari gani hutobolewa matundu makusudi? Nimeyaziba kwa vitenge vikuukuu, nikashindilia kwa mpini wa mwiko. Mama Ndaya hatakohoa. Atajua binti yake aliolewa na mtu.

Jumanne, 8 Juni

Tumeondoka! Tumerudi.

Mama alikaa nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, hamsemeshi. Mama akiwa na neno humwambia Mushiya. Mushiya akiwa mbali, huliambia pazia. Leo aliliambia pazia kwamba kitanda kinamchoma. Nikafurahi kwamba hasikii baridi.

Kwenye kilima cha kwanza cha barabara ya Likasi, harufu ya kuungua, mlio wa kikohozi, kimya. Vijana waliofunga barabara kwa kizuizi wakaja mbio. Nikajua tumekwisha. Kumbe walitaka sana tuondoke, wakasukuma kwa moyo wote! Sijawahi kusaidiwa hivyo tangu nizaliwe. Katikati ya kilima wakachoka, wakaachia. Tukateremka kinyumenyume mpaka chini. Injini ilipopoa ikawaka, ikatufikisha karibu na nyumbani, ikafa tena.

Banza, jirani yetu, alikuwa mlangoni kwake. Yeye ni Mluba wa Katanga, hakuna wa kumfukuza. Tunaimba sote besi katika kwaya ya parokia, na kila Pasaka yeye ndiye hupewa kuimba peke yake, sijui kwa nini. Akasema kombi yangu ni friji iliyoota magurudumu. Kisha akaacha kapu la unga wa muhogo kwenye ngazi yetu. Anapeleleza, huyo.

Jumatano, 9 Juni

Nimegundua! Injini ina kiu. Nimezunguka gari lote kutafuta pa kuitilia maji, nikapata kifuniko kidogo ubavuni. Nimemimina ndoo baada ya ndoo. Inakunywa kama ng'ombe!

Jioni Mushiya amefungua bomba la beseni la ndani, maji yakatoka, akaoshea majani ya muhogo ya sombe. Amefurahi sana. Mimi nimeelewa tatizo. Radieta inavujia jikoni.

Ijumaa, 11 Juni

Kazi imekwama. Injini iko nyuma, na huko nyuma ndiko kuna jua. Mama Ndaya ameweka kigoda chake pale, ameegemea kifuniko cha injini, anaota joto kutwa nzima. Nitamwambiaje aondoke? Siwezi hata kukohoa karibu naye. Nimemtuma Mushiya. Akarudi akisema mama anauliza kama mkwe anamfukuza, maana wiki hii kila mtu anamfukuza. Nikaona aibu, nikatamani kulia.

Basi nimetengeneza yaliyoko mbele. Nimesafisha taa. Nimekaza vipangusa vioo. Nimefungua honi, nikaipaka mafuta ya mawese. Banza akauliza juu ya ukuta kama namwandaa bibi harusi.

Jumapili, 13 Juni

Siku yenyewe! Vijana wakapita asubuhi, wakasema jioni watarudi, na hawatasukuma tena.

Banza hakwenda misa. Ameingia uani akihema. Kaka yake hufanya kazi reli, ndiye aliyempa habari. Leo kuna behewa moja lisilo na kuta, na kombi inaweza kupanda juu yake, Mama akiwa kitandani mwake, mradi ifike stesheni na ipande kwa nguvu zake yenyewe.

Banza si mkwe wa mtu. Akamwendea Mama Ndaya moja kwa moja.

“Mama, samahani, simama kidogo.”

Mama akasimama! Akamwondolea hata kigoda! Banza akachungulia injini, kisha ubavuni, akaanza kuvuta vitenge vyangu kimoja kimoja, vimeungua kingo.

“Tata Ntambwe, ni nani alifunga hapa? Hii moteri haikunywake mayi. Inakunywaka mupepo! Uliikaba shingo!”

Nikamwambia asiharibu kazi ya wiki nzima. Nikawasha. Ikanguruma! Ikaenda mpaka stesheni bila kusita, ikapanda ubao wa behewa kama mbuzi. Nilijua tu. Ilikuwa ni ile honi.

Treni ilipoanza kusogea Banza akatembea kando yetu, akiimba besi ile ya Pasaka. Nikamwimbia na mimi mpaka sauti ikakatika. Akauliza nina nini machoni. Nikasema vumbi. Akasema hata yeye ana vumbi. Nampenda yule mpumbavu. Sijui nani atamchokoza sasa.

Jumanne, 15 Juni

Tumesimama porini, sijui wapi. Mama Ndaya amelala vizuri kitandani, na hajakohoa sana. Mushiya yuko naye. Mimi niko nje, chini ya kombi, maana mkwe halali chumba kimoja na mama mkwe, hata kiwe na magurudumu.

Jioni hii Mama ameliambia pazia kwamba yule aliye nje ni mtoto wa watu, na baridi hii itamuua. Mushiya akanishushia vile vitenge alivyovuta Banza nijifunike. Nimevikumbatia kitambo. Nimefurahi.

Lakini mtu mzima hujifikiria mwenyewe? Vumbi la njia hii ni jingi mno. Nimetoka chini polepole, Mama asiamke, nimeyaziba matundu yote kwa vitenge hivyohivyo, safari hii barabara, kwa mpini wa mwiko. Tukishuka Mwene-Ditu nitaiwasha mbele ya watoto.