Land Rover ya Kunirudisha Kabambare

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Nimewaficha watu wa nyumbani jambo moja, na ninaliandika leo kwa sababu mkono bado unakubali. Land Rover iliyolala nyuma ya jiko, ile ambayo kuku hutaga ndani yake, siifufui ili inipeleke kanisani. Naifufua ili inipeleke kaburini. Nikifa, nataka kulazwa ndani yake, chali, kama mtu, hadi kwetu Kabambare alikozikwa mama yangu. Kulisema kwa sauti siwezi. Hapa Kasongo, mzee akitayarisha safari ya maiti yake, watu humwita mchawi, huuliza ni nani mwingine anayetaka kwenda naye.

Adui yangu katika shauri hili ni Moustapha, mume wa dada yangu. Ana pikipiki zinazokwenda Salamabila. Kwa kuwa ameoa kwetu, kubeba maiti zetu ni kazi yake kwa desturi, na kazi hiyo anaipenda kupita kiasi. Maiti huiketisha katikati, dereva mbele, mtu nyuma, akaifunga kwa mipira ya tairi. Mjomba wangu aliingia Kabambare ameketi hivyo, miwani usoni. Jana Moustapha alikuja kuniamkia, akanipima mabega kwa macho, akasema nimepungua vizuri, sasa mipira miwili itatosha.

Nilicheka. Shemeji akitania, unacheka.

Moteri ya zamani, ya esansi, yaani petroli, ilikufa kitambo. Mafundi wamekwisha kuingiza nyingine, ya mazutu, yaani dizeli, iliyotoka kwenye pikapu iliyopinduka mtoni Luama. Imekaa vizuri. Fundi mkubwa alisema umebaki umeme tu. Akaondoka upesi.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Amekuja Yassine, fundi wa umeme. Amewasha jenereta za wachimba dhahabu wote wa Salamabila, kwa maneno yake. Havui miwani ya jua hata akiwa chini ya gari. Alifunua boneti, nyaya zikaanguka nje kama matumbo ya mbuzi wa Idi. Akauliza nani amefanya haya. Nikajibu kwamba nusu ni kiwanda, nusu ni panya.

Nilimweleza kuwa nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Akasema, "Mwalimu, fizikia iko mu kitabu. Huku chini iko moto."

Waya nilikwisha kununua mwenyewe, rola nzima, nyeusi tupu. Nyeusi haionyeshi uchafu. Niliona ni akili. Hadi alasiri gari lilikuwa na nyaya nyeusi kutoka taa za mbele hadi za nyuma, na hakuna kati yetu aliyejua ipi ni ya nini.

Akatuokoa Falonne, mjukuu wangu anayenitunza. Anafundisha shule ya msingi, na huniita mume wake, kama mjukuu anavyoruhusiwa. Alichana vitenge vyake vikuukuu, akafunga kipande kwa kila waya: maua kwa taa, ndege kwa honi, samaki kwa waipa. Wazo lilikuwa langu. Karibu liwe langu.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Mbuzi wa jirani amekula vitambaa. Alianza na maua.

Tumeunganisha kwa kumbukumbu. Ukiwasha taa ya kukata kushoto, honi inalia. Ukibonyeza honi, waipa zinapangusa. Ukikanyaga breki, taa ya ndani inawaka, unaonekana kama mtakatifu kanisani. Moustapha alikuwa ameegemea ua. Akauliza kama tunatengeneza gari au tunapanga arusi.

Kisha Yassine alizungusha ufunguo. Tak. Kimya. Ghafla ile kamba ya chuma inayotoka kwenye pedali ya mafuta ikaanza kutoa moshi. Yassine alitokea dirishani ingawa mlango ulikuwa wazi.

Nilielewa mezani, tonge la bugali mkononi. Moteri mpya imekalia mipira! Hakuna waya wa masi unaoiunganisha na chuma cha gari. Umeme ulikwenda vizuri, ukakosa njia ya kurudi kwenye betri, ukajipenyeza kwenye ile kamba nyembamba. Kila umeme lazima urudi kwao. Hata mimi. Nilimweleza Yassine kwa tonge na bakuli la mboga ya sombe. Alivua miwani. Ana macho madogo.

Tulifunga waya mnene kutoka moteri hadi chasisi. Tukazungusha ufunguo. Iliwaka! Moshi ulifunika ua mzima, kuku walihama. Nilikaa kwenye kiti changu nikiupokea moshi ule usoni kama ubani.

Tatizo moja dogo. Haizimiki. Nilitoa ufunguo, nikautia mfukoni, moteri ikaendelea. Moustapha alipiga kelele kutoka kwake, ng'ambo ya ua, akiuliza mbona hatuzimi. Nikamjibu kwamba moteri za aina hii hupenda kupumzika taratibu. Ilipumzika taratibu hadi mazutu yakaisha.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Ushindi mtupu. Nilichora vijia vya umeme mchangani kwa fimbo, nikamwona mwizi. Mazutu hupita kwenye vali inayohitaji umeme ili ikae wazi. Ufunguo unakata umeme huo, sawa. Lakini dinamo, maadamu inazunguka, inarudisha umeme kidogo kupitia taa nyekundu ya chaji, na huo kidogo unatosha kuishika vali. Anafukuzwa mlangoni, anaingia kwa dirisha.

Yassine alitaka kuvunja taa. Mimi nikaagiza diodi, kile kipande kidogo kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Tulikitoa kwenye paneli ya jua iliyokufa. Tukakitia. Ufunguo: inawaka. Ufunguo: kimya. Niliwasha na kuzima hadi Falonne akaninyang'anya ufunguo, akasema mume wake amekuwa mtoto.

Jioni tulikwenda sokoni, Yassine kwenye usukani, mimi mbele na koti la ualimu. Madereva wa pikipiki walitupisha. Mbele ya nyumba ya Moustapha nilimwomba Yassine aende polepole. Kisha nikakumbuka nimesahau kitu sokoni, tukapita tena.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Hatari mpya. Mezani, Falonne alitania kwamba siku ya matanga yangu atakaa kwenye usukani wa Land Rover na hatashuka hadi wamkomboe kwa mbuzi. Ni haki yake. Wajukuu hukamata kitu cha marehemu, wakubwa hukikomboa. Nilifurahi kusikia amechagua kitu kizuri.

Moustapha, aliyekuwa anakula kwetu, alisema mbuzi atatoa yeye, siku ileile. Gari litapata kazi ya maana, litabeba sabuni na unga kwenda Salamabila. Gari zuri namna hii haliwezi kupotezwa kwa abiria asiyetazama njia. Mwalimu atapanda pikipiki. Akanipigapiga gotini na kusema, "Shemeji, usiogope, dereva nitachagua mwenye adabu."

Nilicheka. Nikasubiri adhuhuri. Yassine alipokwenda msikitini na Moustapha pia, niliteremka kwa magoti hadi kwenye gari. Nilikata waya unaolisha ile vali, nikaingiza swichi ndogo ya taa ya chumbani, nikaificha chini ya kiti cha mbele cha katikati. Usipoibonyeza, moteri itazunguka, itazunguka, haitaamka. Nilijichoma mara nyingi. Lakini imekaa!

Hakuna ajuaye. Nitamnong'oneza Falonne siku yangu ya mwisho. Bila shaka nitaiona ikija.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Moustapha amekuja kulisogeza gari kivulini, eti betri isipate jua. Gari lilikuwa kivulini. Alizungusha ufunguo hadi betri ikaanza kuguna. Akafunua boneti, akatazama kila kitu kwa uso wa daktari, akafunga. Nikamwambia labda bado halijamzoea.

Sijalala vizuri namna hii tangu nizikwe na uzee.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Nimerudi kutoka hospitali jana. Naandika nimelala.

Jumapili, baada ya misa, nilianguka uani. Nilisikia Falonne akilia juu yangu, akisema, "Mume wangu, usinifanye mujane mchana huu." Moustapha alikuja mbio bila viatu. Walinibeba, wakanilaza kwenye viti vya mbele vya Land Rover. Yassine akazungusha ufunguo. Ikazunguka, haikuamka. Barabara nzima ilikuja kusukuma, hata wale wanaonidhania mchawi. Walisukuma hadi kisimani. Hakuna.

Basi Moustapha akaleta pikipiki. Dereva mbele, mimi katikati, yeye mwenyewe nyuma, kifua chake mgongoni kwangu. Mipira miwili. Ilitosha. Tulipopita sokoni wanawake walianza maombolezo, nami nikainua mkono kuwasalimu kwa heshima. Mmoja alitupa kapu la samaki.

Daktari alisema ni presha, chumvi na miaka. Alisema pia kwamba tungechelewa kidogo zaidi, angekuwa anazungumza na Moustapha peke yake. Moustapha hakulala usiku ule. Alikuwa ananipepea. Asubuhi alisema hajawahi kubeba abiria mtulivu kama mimi.

Lakini swichi hakuiona. Gari lilipokataa alipapasa kila mahali, hakuiona! Huo ni ushindi, na mkubwa. Kesho Yassine ataniletea swichi ya pili. Nimemwambia ni ya taa ya baraza.

Leo Falonne aliniuliza, kwa upole, kwa nini gari limenikataa siku moja tu niliyolihitaji. Nilimjibu kwamba fizikia ina siri zake. Akaniamini, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Mtu aliye jirani na kaburi aandike ukweli japo kwenye karatasi.

Kuzimia kwangu kuliisha mlangoni pa gari. Waliponilaza, mkono wangu ulining'inia chini ya kiti cha katikati, na kidole kilikuwa juu ya swichi. Nilimsikia Yassine akizungusha ufunguo. Nilimsikia Falonne akilia. Nilikuwa macho.

Lakini Moustapha alikuwa ananitazama.