Inchi Sita za Jemedari

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Naiandika kwa wino mweusi ili idumu.

Muuguzi mkuu wa zahanati ametangaza kwamba anatafuta gari la kupeleka chanjo vijiji vya mlimani, kila wiki, mwaka mzima. Barabara ya mawe, mito miwili isiyo na daraja, na ule mlima mkali ambao madereva huuzungumzia kwa sauti ya chini. Magari mawili tu hapa mjini yanauweza: langu na la shemeji, kaka wa mke wangu. Yaani moja tu.

Langu linaitwa Jemedari. Nimemvika kila kitu cha safari: bampa la chuma, winchi ya mbele ya kujivutia kwa waya, keria ya juu, tangi la maji, betri ya pili, matairi mawili ya akiba. Kasoro ndogo: ameinama nyuma. Mke wangu anasema anakaa kama mbwa anayeomba mfupa. Nimemweleza kwamba ule ni unyenyekevu.

Jioni nimepita kwa shemeji. Ameinua gari lake inchi mbili! Ananiambia kwa upole kwamba zinamtosha. Watu wa kutosheka nawajua. Hakuna barabara inayoitwa kwa jina lao.

Nimeamua: inchi sita.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi springi. Mzee mfupi, penseli sikioni, kazi yake kuvunja watu moyo. Alilala chini ya Jemedari dakika kumi, akatoka akitikisa kichwa. Springi zimechoka, akasema. Zilitengenezwa kubeba gari, si gari na ukoo wake wote.

Nikaagiza inchi sita. Akauliza gari lina uzito gani. Nikasema wa kutosha. Akasema hapana, yeye anataka kilo. Niende kwenye mizani ya ghala la nafaka na vitu vyote ninavyobeba kila siku, nimrudishie karatasi. Springi huchaguliwa kwa uzito kama kiatu kinavyochaguliwa kwa mguu. Ukiliwekea gari springi ngumu bila mzigo, litakurusha. Ukiliwekea laini na mzigo mkubwa, litalala. Na ukiliinua mno, mipira ya breki inavutika, propela inayozungusha magurudumu inakaa kombo, na gari linakuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani huku amesimama kwenye kigoda. Kwa Jemedari: inchi mbili, sana sana mbili na nusu.

Mbili na nusu! Nimzidi shemeji kwa nusu inchi! Watu watahitaji rula ili wanisifu.

Nikauliza, za inchi sita basi hufungiwa nani. Akasema anazo seti moja, imekaa hapo miaka. Ni za gari linalobeba kilo mia nane za ziada, asubuhi mpaka jioni. Akaongeza kwamba hajawahi kumwona mwenye gari hilo.

Sasa atamwona.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umenyooka kama uzi!

Kabla ya kwenda kwenye mizani nilipakia mifuko sita ya saruji, Mama mkwe, na dada zake wawili. Niliwaambia tunakwenda matembezi. Walivaa vizuri. Walishangaa kidogo matembezi yalipoishia ghala la nafaka.

Karani wa mizani alichungulia dirishani, akauliza kama akina mama hawa nao ni mzigo wa kila siku. Sijafungua mdomo, Mama mkwe akamjibu kwamba yeye si wa kila siku tu, ni tangu siku ya harusi. Karani akaandika.

Kilo mia nane na ishirini za ziada! Kwa mhuri! Vifaa vyangu mia tatu na kumi, saruji mia tatu, zilizobaki ni za akina mama. Sikuuliza wamegawana vipi. Mimi ni mtu wa adabu.

Fundi aliisoma karatasi mara mbili. Akauliza kama kweli nabeba hivi kila siku. Nikamwambia karatasi haina mdomo wa kusema uongo. Akanitazama mpaka nikaanza kuchunguza dari. Akasema sawa, atafunga, na atarefusha mipira ya breki. Ila kama kuna uongo humo, gari litamwambia.

Magari hayasemi. Fundi anazeeka.

Jumamosi, 8 Machi

Mrefu! Mrefu, mrefu, mrefu!

Nimeketi kwenye usukani na kuona juu ya ukuta wa jirani. Nimejua sasa anaanika nini. Dereva wa lori la mchanga amenipungia mkono kama mwenzake. Shemeji nimepishana naye sokoni; nikamsalimia kutoka juu. Akaitika kutoka chini. Sikumbuki lini salamu ilinipa raha namna ile.

Mambo madogo madogo: mke wangu anapandia kigoda. Mama mkwe alikitazama kigoda, akatazama mlango, akasema yeye ameshapimwa na inatosha. Pia Jemedari anaruka. Akikanyaga hata ganda la ndizi, anaruka. Mke wangu amejiuma ulimi na hivyo hajaweza kunieleza maoni yake yote. Trei ya mayai tuliyonunua imefika nyumbani na mayai manne.

Mayai ya siku hizi ni dhaifu.

Jumatatu, 10 Machi

Kesho ni majaribio. Tutapanda mlimani magari yote mawili, muuguzi mkuu aone. Yeye atapanda kwangu na sanduku la chanjo. Nilimwambia gari refu ndilo salama zaidi kwa barafu ya chanjo, kwa sababu juu kuna hewa. Alinitazama sana.

Kuhusu kurukaruka nimepata dawa. Kama Jemedari anataka mzigo, nitampa mzigo! Ile mifuko sita ya saruji. Ndani inabidi pawe safi kwa ajili ya muuguzi, kwa hiyo nimeipandisha juu ya keria na kuifunga kamba. Nimemzungusha mtaani mara mbili. Ametulia kama mtawa!

Shemeji alipita, akaona saruji juu ya paa. Akauliza kama nina hakika. Maskini. Wivu umemshika kooni.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umechubuka kidogo.

Mto wa kwanza tulivuka vizuri. Wa pili pia. Muuguzi mkuu alikuwa amelikumbatia sanduku la chanjo mapajani, akiniambia kwamba kina mama wa kijiji cha juu wameanza kutelemka tangu alfajiri kuja mahali pa kukutania, wengine na watoto wawili mgongoni na kifuani. Nikamwambia asiwe na shaka. Tukafika kwenye mlima wenyewe. Pale barabara inalala upande, kushoto juu, kulia chini. Jemedari akaanza kuinama. Polepole sana. Kwa heshima.

"Dereva, tunalala," muuguzi akasema.

"Hatulali, Sista. Tunakata kona."

Tukalala.

Tulilalia ukingo wa udongo, kama ng'ombe aliyechoka. Hakuna aliyeumia. Sanduku halikupata hata mkwaruzo kwa sababu Sista hakuliachia. Aliniangukia mimi nalo. Mifuko miwili ya saruji ilipasuka, nikatoka dirishani mweupe kama sanamu ya shujaa.

Shemeji akatokea nyuma, na inchi zake mbili. Hakucheka. Alimshusha Sista, akapokea sanduku, akauliza kama nina maji ya kunywa, akapanda mlima taratibu bila hata kukwaruza jiwe. Nikabaki.

Nilikaa kwenye jiwe. Kule juu nikawa nasikia watoto wanalia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kilio kifupi cha sindano. Kwa robo saa hivi sikuwa na mpango wowote. Ni hali mbaya. Simtakii adui yangu.

Shemeji aliporudi alimnyanyua Jemedari kwa kumfunga kwenye mti na kuvuta na winchi. Winchi ni yangu. Naomba hilo liandikwe.

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe amesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimemwonyesha miguu yangu yote miwili. Mizima.

Mchana shemeji amekuja. Nilijiandaa kwa kejeli. Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Badala yake akaniambia kwamba mlima una pande mbili na gari moja halitoshi. Amemwomba Sista anipe upande wa mashariki, ikiwa Jemedari atarekebishwa sawasawa. Amemwambia mimi ni dereva mzuri nikiwa karibu na ardhi. Majibu yangu matatu yote yakakosa kazi.

Mke wangu, ulimi umepona. Alizungumza kuanzia chakula cha mchana. Kwa kifupi: nikaseme ukweli.

Ijumaa, 14 Machi

Nilisema ukweli. Mia tatu na kumi. Nikataja na akina mama.

Fundi hakusema "nilikwambia." Alichukua tu penseli sikio la kulia akaihamishia la kushoto. Nimetukanwa maishani, lakini sijawahi kuumia vile.

Ameniambia Jemedari, aliyevutwa hapo tangu jana, alishamwambia yeye mwenyewe, kwa jinsi matairi yalivyolika upande. Ametoa zile za sita. Amefunga za kilo mia tatu, inchi mbili na nusu, na shokapu zinazolingana nazo. Matairi ya akiba ameyashusha kutoka kwenye keria akayafunga nyuma. Tangi la maji limehamia sakafuni, katikati. Halafu akatembea kumzunguka Jemedari, akamgonga ubavuni kwa kiganja kama mtu anayempongeza farasi.

Jemedari amesimama sawa. Mbele na nyuma. Si mbwa tena.

Jumatatu, 17 Machi

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Upande wa mashariki, saa nne za kwenda. Jemedari alipita juu ya mawe kama kitanda cha magurudumu. Sista alisinzia! Sista, ambaye Jumanne alikaa amekaza meno, alisinzia na mdomo wazi! Pale mahali panapolala upande nilishika usukani kwa mikono yote miwili, nikaacha kupumua, nikapita.

Watoto sitini na watatu wamechanjwa. Mama mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema miaka minne hawajaona gari huku. Nikajifuta macho. Vumbi lilikuwa jingi.

Wakati wa kurudi nikawaeleza Sista na wauguzi wawili aliokuja nao siri yangu ya tangu mwanzo: si urefu, ni uzito. Mbili na nusu ndicho kipimo nilichokuwa nakifikiria siku zote. Walitikisa vichwa kwa heshima. Na ukweli usemwe, shemeji nimemzidi.

Ijumaa, 21 Machi

Sifa zimeenea. Leo kamati ya zahanati imeniita rasmi! Wanajenga mnara wa tangi la maji, na wametaka ushauri wa mtaalamu wa mambo ya mizigo. Wamenipa kiti chenye mikono.

Mjenzi, kijana mwoga kidogo, anapendekeza mita tatu. Niliuliza wa shule una mita ngapi. Tano. Nikakuna kidevu kwa hekima, nikawaambia: tisa.

Mjenzi akauliza kama nimefikiria uzito wa tangi likijaa.

Nikamtuliza. Nikamwambia, kijana, mle ndani hamna chuma. Ni maji tu.