Malalamiko Kuhusu Bastola Isiyokwama

Troyeville, Johannesburg
Jumamosi, 18 Februari 2017

Kwa Fundi Khatibu,
Karakana ya Silaha,
Turffontein.

YAH: BASTOLA ULIYOMTENGENEZEA BABA YANGU, AMBAYO INAFANYA KAZI VIZURI KUPITA KIASI

Mheshimiwa Fundi,

Shikamoo. Nimeambiwa kwamba watu wa Tanga, kama wewe, hawasikilizi malalamiko ya mtu ambaye hajaamkia, kwa hiyo naamkia kwanza. Kama nimekosea namna, nisamehe. Mimi nilitoka Bujumbura nikiwa nimebebwa mgongoni, na Kiswahili changu ni cha nyumbani na cha kanisani. Cha kanisani ndicho nilichojifunza kukiandika, ndiyo maana nikikasirika naandika kama nabii.

Jina langu ni Emérite, binti wa Jean-Bosco, yule mlinzi mrefu aliyekuja kwako mwezi jana kupimwa kiganja. Mimi nilikuwa nyuma yake, karibu na kalenda ya ukutani. Huenda hukuniona. Watu wengi hawanioni, na nimejitahidi sana iwe hivyo. Nimemaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, Desemba, nangoja jibu la chuo, na kwa kuwa sina kazi na mwandiko wangu unasomeka, Baba amenipa kazi ya kuandika taarifa ya majaribio ya bastola yake. Taarifa ya Kiingereza itakwenda kwa kampuni. Keshokutwa Baba anakuletea bastola kwa marekebisho ya mwisho, kama ulivyomwagiza, na barua hii ataibeba yeye mwenyewe mfukoni akidhani ni nakala yako ya taarifa. Sikumdanganya. Ni taarifa, ila ina maoni.

Jambo lenyewe ni hili. Baba analinda geti la shule ya chekechea kule Observatory kwa fimbo, redio ya mkononi na uso wa ukali ambao watoto wameshaugundua kuwa ni wa bandia. Sasa kampuni inataka kumhamishia kwenye gari linalosindikiza malori ya sigara. Aliyekuwa na nafasi hiyo, Kaka Steve, alipigwa risasi ya paja walipokuwa wamesimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, na bastola yake ya zamani ikakwama mkononi. Yuko hai. Anatembea kwa mkongojo, na mtu akiwasha sigara karibu naye anahama kiti. Ndipo kampuni ilipokuja kwako kuagiza bastola mpya, nusu ya kiwanda na nusu ya mkono wako, kama suti ya dukani ambayo Mama, aliye fundi cherehani, huipunguza kiuno na kuirefusha mikono mpaka imkubali mwenyewe.

Mama hataki Baba aende. Walibishana kwa sauti ya chini, ambayo kwetu ndiyo sauti ya hatari. Mwishowe Baba akasema, "Célestine, tuiache bastola iamue. Ikikwama hata mara moja kwenye majaribio, nabaki getini kwangu na hutasikia tena habari ya malori." Mama akakubali, kwa sababu tangu tufike nchi hii hajaona kitu kipya kisichoharibika. Mimi nikafurahi kimoyomoyo. Nilikuwa na imani kubwa na ubovu wako, Fundi. Umeniangusha, na malalamiko yangu ni haya:

1. Bastola haikwami.

Siku ya kwanza kwenye uwanja wa kulenga shabaha nilikaa kwenye kiti cha plastiki, masikio yamezibwa, nikachora safu tatu kwenye karatasi: idadi ya risasi, aina ya risasi, aina ya hitilafu. Safu ya hitilafu niliiacha pana kuliko zote. Baba alipiga risasi za bei rahisi na za bei ghali, zenye ncha ya mviringo na zenye ncha iliyobonyea, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, haraka na polepole, bila kuisafisha. Maganda yaliruka yote upande mmoja, kwa adabu, kama watoto wanaotoka shule ya Jumapili. Bosi Didier, msimamizi wa kampuni, Mkongomani wa Bukavu asiyecheka ovyo, akachungulia karatasi yangu.

"Mademoiselle, mbona kwenye hitilafu hujaandika kitu?"

Nikamwambia bado natafuta.

"Usitafute," akasema. "Ukiitafuta itakuja."

Si kweli. Nimeitafuta.

2. Bastola haiheshimu udhaifu wa mtu.

Nilisoma kwenye kompyuta ya maktaba kwamba bastola ya aina hii ikishikwa na mkono legelege hukosa pa kuegemea, haijirudishi vizuri, na hukwama. Fundi, mimi ndiye mwenye mkono legelege kuliko wote Johannesburg. Mchungaji akinisalimia hudhani nimempa glavu tupu. Kwa hiyo mimi, ambaye shuleni sikuwahi kunyoosha kidole hata kuomba kwenda chooni, nilisimama mbele ya wanaume wanne nikasema naomba kujaribu. Baba nusura alie kwa furaha. Bosi Didier akasimama ubavuni kwangu, akanipanga miguu, akanionyesha pa kuweka vidole. Nikaishika bastola yako kama mtu anavyoshika panya aliyekufa. Nikafumba jicho moja, na la pili likafuata lenyewe. Kabla ya kufyatua nikaiambia ile karatasi ya shabaha, "Samahani," kwa sauti, wakasikia wote.

Ikalia. Ganda likaruka, risasi ya pili ikapanda mahali pake kama mtu anayejua kwao. Nikafyatua tena na tena mpaka zikaisha. Nilipofumbua macho, matundu yote yalikuwa kifuani mwa karatasi, yamesongamana kama ndugu kwenye picha ya harusi.

"Eish," akasema Bosi Didier. "Huyu ndiye tumpeleke kwenye malori."

Baba aliipiga picha karatasi ile akaituma kwa ukoo mzima. Shangazi amejibu kutoka Bujumbura kwamba sasa ndiyo basi, sitaolewa.

3. Bastola imeungwa mkono na kanisa.

Hapa kosa si lako peke yako, lakini umefaidika nalo. Kwetu, anayetaka kuombewa huandika haja yake kwenye kikaratasi na kukitia kikapuni siku ya Ijumaa. Kiongozi wa maombi ni jirani yetu Mama Mamie wa Lubumbashi, anayesuka nywele Yeoville na ana sauti ya kusikika mpaka Bertrams. Mimi niliandika, "Bastola ya Baba," basi. Nilitaka kuongeza neno "ikwame" nikaona aibu, nikasema moyoni kwamba Mungu anajua mengine. Mungu alijua. Mama Mamie hakujua.

"Bastola ya Papa Jean-Bosco!" akapaza sauti. "Tunavunja kila roho ya kukwama! Isikwame mchana! Isikwame usiku! Isikwame kwenye baridi! Semeni amina!"

Watu wakanigeukia, maana ombi ni la kwetu. Nikasema amina. Akaona nimesema kidogo, akanirudisha. Nikasema amina kubwa. Ndiyo sauti kubwa kuliko zote niliyowahi kuitoa hadharani, na niliitoa dhidi yangu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alimpaka Baba mafuta ya upako kwenye kiganja cha kulia, mengi, yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Baba akaenda nayo hivyo hivyo uwanjani, kwa kuwa upako haufutwi. Nikapata matumaini: mkono unaoteleza huenda ukafanya kazi ambayo mkono legelege umeshindwa. Lakini ule mpini uliouchonga mikato midogo midogo kama ganda la nanasi ulimshika Baba kuliko yeye alivyoushika.

4. Bastola haina hata mkwaruzo.

Mama anaweza kuona mshono uliopinda akiwa ng'ambo ya barabara. Alikuja uwanjani mara moja, kwa kusudi la kutafuta kasoro. Hakuigusa. Aliinama juu ya meza, mikono ameifunga nyuma, akakagua viungo vyote pale chuma kinapokutana na chuma. Alikaa hivyo mpaka Baba akaanza kukohoa. Kisha akasema, kwa uchungu wa kweli, "Huyu mtu anajua kumalizia kazi." Fundi, maneno hayo hajawahi kuyasema hata kuhusu gauni langu la mahafali, ambalo alilishona yeye.

5. Bastola inamnyoosha Baba mgongo.

Hili ndilo kubwa. Miaka yote Baba amekuwa ameinama kidogo, kwa sababu watoto wa chekechea ni wafupi na wazazi wao hushusha kioo cha gari nusu tu. Akiishika bastola yako mabega yake yanafunguka. Anatembea kutoka uwanjani hadi kwenye teksi kama mtu aliyeitwa kwa majina yake yote. Juzi alicheka mezani, tukaangaliana, mimi na Mama, kama watu waliosikia mgeni mlangoni. Ulimpima kiganja, Fundi, ukachukua na vipimo vingine ambavyo hakuna aliyekutuma. Mimi nitashindanaje na kitu kama hicho? Silaha yangu ni kunyamaza, na kwa Baba kunyamaza kwangu ni jambo la kila siku, halimshtui.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia dogo.

Naomba ulegeze springi. Kidogo tu, isiwe hatari. Ikwame mara moja, kwenye jaribio la mwisho, Jumanne saa nne asubuhi, mbele ya Bosi Didier, halafu isikwame tena milele.

Kama ustadi wako haukuruhusu, basi umwambie Baba kwamba kiganja chake kilipimwa vibaya, na kitapimwa upya mwaka kesho, kwa sababu ya foleni.

Kama na hilo haliwezekani, naomba ukubali kuacha kazi ya ufundi. Nasikia ulimwambia Baba, "Bastola yangu ikikwama, niiteni muuza maandazi." Nimelifikiria neno hilo kwa makini kuliko ulivyolifikiria wewe. Maandazi ni kazi ya halali. Mama Mamie atalitangazia kanisa, mimi na Mama tutanunua kila asubuhi, na ukihitaji mtu wa kukuonjea, ninaweza. Hakuna mtu aliyewahi kupigwa risasi ya paja kwa kusindikiza maandazi. Ukipima heshima ya jina lako upande mmoja na paja la Baba upande wa pili, nadhani utaona kwamba sijaomba kitu kikubwa.

Nawasalimu wote wa hapo karakana, hata yule paka aliyelala juu ya sanduku la vyuma, ambaye ndiye pekee niliyetazamana naye siku ile. Msalimie na mama wa nyumbani kwako, ingawa simjui. Mama yangu anakusalimu pia. Hajui kwamba anakusalimu.

Ni mimi, mwenye malalamiko lakini mwenye heshima,

Emérite
Mwandishi wa Majaribio (wa muda)

N.B. Jumatatu asubuhi. Jana tulipokuwa tukila Baba alitwambia kwamba alishasaini karatasi za malori. Mama akauliza lini. Akasema, kabla hata ya kuja kwako kupimwa kiganja. "Célestine, nani amtengenezee bastola ya mkono wake mtu ambaye bado anafikiria?" Mtu yeyote mwenye akili angelijua hilo tangu siku ile niliyosimama karibu na kalenda yako. Mimi nilipata alama za juu katika Hisabati. Mama aliinuka akaenda kuchukua shati jipya la kazi la Baba, na mpaka nalala cherehani ilikuwa inalia. Baba anaanza malori Alhamisi.

Kumbe majaribio hayakuwa ya kuamua kama ataenda. Yalikuwa ya kuamua kama atarudi.

Kwa hiyo, Fundi, nakuomba kwa Mungu wangu na wako, usilegeze kitu. Ningeiandika upya barua hii, lakini Baba yuko mlangoni anangoja bahasha, na sijui kumwambia mtu asubiri. Yote niliyoyaomba hapo juu yafanye kinyume. Ifungue yote, uitazame springi, uitazame tena, uijaribu kwa mkono wako ulio dhaifu zaidi. Na ukipata nafasi mwambie Baba, kama wazo lako mwenyewe, kwamba bastola za aina hii hukaguliwa kila jioni hapo karakana bila kukosa, na anayeileta lazima awe yeye, kwa miguu yake.