Kitabu cha Mama Mkwe Kwenye Meza ya Sheria

Alhamisi, 6 Machi
Nimetoa katoni zima la vitabu kwa mauzo ya vitabu vikuukuu, ya kuchangia wodi ya watoto. Mwalimu mstaafu anayeyasimamia akanisifu mbele za watu. Ndivyo nilivyo, mkono wazi. Vinyozi wengine ni maneno tu.

Jioni mke wangu akauliza kitabu cha mapishi cha marehemu mama yake kiko wapi. Dada zake wanakuja Jumapili, anataka kuwapikia kwa kufuata mwandiko wa mama, ule wa pembeni mwa kurasa. Kimo katonini. Nikasema nimekipeleka kushonwa jalada. Akanibusu shavuni. Maskini mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefunga saluni, nikajitolea kupanga vitabu ukumbini. Nimekipata! Ila mwalimu ana sheria yake: mpangaji habebi kitu leo, na kesho wateja wa foleni kwanza. Nikamweleza ni cha mama mkwe. Akasema tangu asubuhi ameshaletewa mama wakwe wanne.

Tena yupo muoka mikate, mpinzani wangu tangu darasa la pili. Kila kitabu chenye sufuria jaladani anakimezea mate. Akanitambia kwamba kesho yeye ndiye wa kwanza mlangoni. Nikacheka kimoyomoyo, nikakichomeka katikati ya vitabu vya sheria. Nani ananunua sheria? Kwa akili hii, ningemaliza shule ningekuwa waziri.

Jumamosi, 8 Machi
Mwanasheria ananunua sheria.

Kamtangulia hata muoka mikate. Kachukua meza nzima bila kufunua kitabu, anajaza rafu za kutishia wateja. Na kichwa chake nakinyoa mimi kila mwezi! Nilikuwa mkiani mwa foleni. Nikakimbilia gari lake hadi kandambili ikakatika. Muoka mikate akaniuliza nina kesi gani.

Jumapili, 9 Machi
Nimekiri. Mke wangu hakufoka, na hilo ndilo baya zaidi. Akakaa jikoni, akasema mwandiko ule ndio sauti ya mama iliyombakia. Machozi yakanitoka mimi kabla yake. Nikamshika mkono, tukaenda nyumbani kwa mwanasheria.

Akatufungulia na aproni kiunoni. Kitabu wazi mezani, mchuzi wa kuku unaungua. Alikikuta akifungua maboksi, akaona naye ajaribu. Mke wangu akatupa jicho moja, akamwambia, baba, hukusoma pembeni, mama kaandika moto upunguzwe na kapiga mistari miwili. Akakunja mikono ya gauni, akaiokoa sufuria.

Mwanasheria akakirudisha kwa sharti moja: naye aalikwe. Akaja na sufuria yake. Mashemeji wakasoma mwandiko kwa sauti, kila ukurasa kicheko na chozi. Ukurasa wa thelathini mama kaandika: huyu mkwe anaongea mno, apewe paja la kuku anyamaze. Nikapewa mawili.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu kapita saluni kushukuru. Wiki ijayo ni mauzo ya nguo, akaniomba nitangazie wateja. Nikamwambia asihangaike, amefika kwa mwenyewe. Mchana nikakimbia nyumbani, mke wangu yuko kazini, nikajaza mifuko miwili kutoka kabati lake la juu. Safari hii sikupoteza hata muda wa kutazama ndani.