Vipande Mia Tatu kwa Ajili ya Raon

Jumatatu, 16 Juni

Umepotea wewe! Tangu Mwaka Mpya hujakanyaga hapa, Mi-ryeong. Hicho kiwanda cha Vietnam kinakupa nini ambacho mama yako hana? Najua ukija, jambo la kwanza ni kulifukua daftari hili kwenye pipa la mchele na kulisoma nikiwa bafuni. Haya, soma. Na mchele uusawazishe kama ulivyoukuta.

Herufi nimejifunza uzeeni, pale kituo cha wazee. Ukiona neno limepinda, linyooshe mwenyewe.

Habari kubwa: Raon wako anatimiza miaka kumi na mmoja Jumamosi. Hataki mdoli, hataki nguo. Anataka seti ya vifaa vya elektroniki, ile ya wanaoanza. Unachomeka waya, taa inawaka, king'ora kinalia. Alimwambia baba yake, baba yake akaniambia mimi. Mimi sikumwambia mtu. Hasa yule.

Sababu ni hii. Mumeo anasema likizo ya kiangazi Raon atakaa kwa bibi mmoja, wiki tatu, na atamchagua mwenyewe hiyo Jumamosi. Mwaka jana alikwenda kwa mama mkwe wako, Bibi wa Bundang. Kule kuna kiyoyozi hadi chooni, na piano isiyopigwa na mtu. Kwangu mimi, Bibi wa Jegi, kuna feni na ndoo za machipukizi ya soya. Nilikaa likizo nzima nikiongea na feni. Nayo inatikisa kichwa tu, kushoto, kulia, kama inanikatalia.

Mwaka huu hapana!

Pesa ninayo, won elfu thelathini. Mama mkwe wako atatoa bahasha ya pesa, kama kawaida yake. Tuone bahasha itawasha taa gani.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda lile jengo la zamani la vifaa vya umeme kule Jongno. Ngazi zinapanda hazishuki. Nimempata mwenye duka aitwaye Bwana Pyo, kichwa cheupe kama changu, ila kwangu bado mtoto. Mtoto mzuri.

Akaniwekea seti mbili mezani. Ile kubwa, bei yake ningeuza figo. Ile ndogo, won elfu thelathini kamili. Akasema mama, kwa anayeanza hii ndogo inatosha, usitupe pesa, ina kila kitu cha lazima na kitabu chenye picha. Nikamuuliza ina vipande vingapi. Akasema vipande si hoja, mama. Nikajua hapo hapo kwamba vipande ndiyo hoja.

Nimeuza machipukizi ya soya sokoni miaka arobaini. Hakuna mteja aliyeondoka kwangu bila nyongeza ya kiganja kimoja. Nikamwambia Bwana Pyo aongeze. Akaongeza taa mbili. Nikakaa chini kwenye kigoda chake. Akaongeza waya. Nikamsimulia jinsi mume wangu alivyokufa. Akaongeza kiganja cha vile vidude vyenye mistari ya rangi, vidogo kama mabuu ya hariri. Resista, ndivyo anavyoviita.

Ndipo nikaona. Katikati ya sanduku pamelala kitu kimoja cha buluu, bapa, kikubwa kama biskuti, na mkia wa waya. Kimechukua nafasi ya watu wengine wote! Nikamwambia akitoe hicho na mkia wake, mahali pake ajaze vidogo.

Akakishika kwa mikono miwili. Akasema mama, hicho ndicho... Nikamkatiza. Ndicho nini? Ndicho kinachokupa faida! Usinifundishe soko mimi. Akasema lakini mama, sikiliza. Nikasema nasikiliza kwa macho, jaza.

Akajaza. Tumehesabu pamoja: vipande mia tatu na zaidi! Kwa bei ya vile sitini vilivyokuwemo mwanzo! Nimetoka na mfuko kama natoka kununua vitunguu saumu. Nyuma yangu Bwana Pyo alikuwa ameshika kile kitu cha buluu anakitazama. Nilimwonea huruma kidogo. Biashara ni biashara.

Jumatano, 18 Juni

Vitu vya sokoni havitolewi zawadi bila kuoshwa. Nimeviosha vyote kwa maji na siki, kama navyoosha zabibu. Nimevichuja kwenye chujio la soya, nimevianika juu ya blanketi la umeme, moto wa kati. Vinang'aa!

Halafu nikafanya jambo ambalo ulimi ulilitaka. Nikampigia simu mama mkwe wako.

Akaniita mkwe wangu, kwa ile sauti yake iliyopakwa asali. Akauliza afya yangu. Nikasema afya ni nzuri, na vipande ni mia tatu. Akauliza vipande vya nini. Nikamwambia. Nikamwambia na jengo, na ghorofa, na jina la Bwana Pyo, ili ajue mimi ni mtu wa kujuana na wauzaji. Kisha akasema yeye hapendi vitu vingi vingi, nyumba inaonekana kama ghala. Nikasema pole, mwenye kimoja husema hivyo.

Nimelala mchana kama malkia.

Alhamisi, 19 Juni

Balaa!

Nimefungua kitabu cha picha nijaribu taa moja, nisije nikaaibika mbele ya mtoto. Nikasoma herufi moja moja kwa kidole. Ukurasa wa kwanza: chukua kile kitu cha buluu. Wa pili: chukua kile kitu cha buluu. Nikaruka hadi wa mwisho. Kitu cha buluu kimekaa katikati kama bwana harusi, wengine wote wameshikana mikono kumzunguka.

Nikasema hata, uongo wa vitabu. Nikachukua taa moja nyekundu, nikaigusisha miguu kwenye betri ya mraba ya redio. Ikawaka! Nikapiga kelele! Ikanuka. Ikazima. Haijawaka tena. Nimeizika kwenye chungu cha pilipili.

Sijala chakula cha jioni. Yaani nimekula, ila bila raha.

Ijumaa, 20 Juni

Mbio Jongno. Bwana Pyo aliponiona akasimama. Nikamwambia nirudishie bwana harusi.

Akasema mama, nimekiuza jana. Kilikuwa cha mwisho, vingine vinaingia Jumatatu. Nani kanunua? Mama mmoja, akasema, mwavuli wa jua, glavu nyeupe. Kasema kaelekezwa na mkwe wake. Kaomba kitu kimoja tu, kilicho bora kuliko vyote dukani kwa anayeanza, takataka nyingine hataki. Bwana Pyo alijaribu kumwambia kwamba hicho peke yake... Akamkatiza. Hakuomba punguzo hata senti! Alitaka kifungwe vizuri tu.

Nikakaa kwenye kigoda changu. Kile cha nyongeza. Akanipa kahawa ya pakiti kwenye kikombe cha karatasi. Mtoto mzuri, nimekwambia.

Nikajaribu kumrudishia vipande anipe hela nikatafute duka jingine. Akachukua vidude kiganjani. Akavinusa. Akaniuliza mama, hivi umevifanyia nini? Nikasema usafi. Akasema vitu vyenye harufu ya siki havirudi kwenye rafu. Nikamwambia angekuwa mwanangu ningemchapa. Akasema angekuwa mwanangu angekuwa tajiri, kwa hizo nyongeza.

Lakini mimi sifi kirahisi. Njiani nimepata akili. Mfuniko wa ndoo ninayochachushia kabichi ya kimchi ni buluu. Buluu ile ile! Nimeukata kwa mkasi, ukubwa wa biskuti, nikautoboa matundu kwa sindano ya viatu, nikaubandika vidude vyenye mistari kwa gundi. Mkia nimetumia waya wa feni ya zamani iliyokufa. Ukisimama mbali huwezi kujua. Ukisimama karibu, ni mfuniko wa kimchi.

Raon ana macho makali. Mungu aweke ukungu.

Jumamosi, 21 Juni

Kwako Suwon. Nimempikia mwanao supu ya mwani, kala bakuli mbili. Kakua. Kidevu ni chako, mwendo ni wako, ubishi wangu.

Mama mkwe wako kaingia na glavu. Katoa zawadi iliyofungwa kitambaa cha hariri. Raon akafungua, taratibu. Kile kitu cha buluu! Peke yake juu ya hariri, kama mfalme aliyekimbiwa na watu wake. Raon akasema loo, chenyewe! Moyo wangu ukaanguka ndani ya soksi. Kisha akapapasa kitambaa, akauliza, "Bibi, taa ziko wapi? Waya je?" Mama mkwe wako akasema kamletea kilicho bora. Raon akasema asante, kwa ile sauti ya mtu anayepewa kijiko bila wali.

Zamu yangu. Nikasukuma mfuko. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa ule mfuniko.

Akaugeuza. Akaunusa. "Bibi wa Jegi, hii ni kimchi?"

Mumeo akakimbilia jikoni. Nilimsikia anacheka ndani ya jokofu. Mama mkwe wako akavua glavu moja, apate kufurahi vizuri. Nikamwambia haya, ndiyo, ni kimchi, na hiyo biskuti ya buluu unayojivunia ilikuwa yangu, niliikataa mwenyewe! Akasema basi namshukuru mkwe wangu kwa kunichagulia. Nikasema karibu tena uokote.

Tukiwa bado hivyo, tukageuka. Raon hayupo mezani. Alikuwa sakafuni na vipande vyangu vyote, na kitu cha buluu, na kompyuta ya baba yake. Anachomeka. Kitu cha buluu ndicho ubongo, kasema, kompyuta inakifundisha, nacho kinaziamuru taa. Kibao cheupe chenye matundu, waya, kidude cha mistari, taa nyekundu. Nikamwambia angalia, hizo taa zinakufa. Akasema, "Zinakufa ukizinyima resista ya kupunguza umeme, bibi. Na wewe umeninunulia resista za maisha!"

Taa ikawaka. Ikazima. Ikawaka. Yenyewe! Hakuna aliyeigusa. Akaunga king'ora, kikalia kama mbuzi mwenye mafua, sababu ya siki. Mama mkwe wako akanishika mkono. Kwa ule wake usio na glavu. Nikamwacha aushike kidogo.

Kisha mumeo akauliza: likizo, kwa nani? Raon akasema Bundang kuna zulia jeupe, ukidondosha waya mmoja unaambiwa uokote. Kwa hiyo Jegi. Jegi! Nikanyanyuka kucheza. Akasema, "Ila Bibi wa Bundang aje na kitu chake cha buluu. Sitaki kukitenganisha na vipande vyangu. Wote wawili, nyumba moja."

Nikakaa.

Mama mkwe wako kasema atakuja na mto wake, na mchele wake, na kipima joto cha chumba. Wiki tatu!

Jumatatu, 23 Juni

Nyumba nimeifagia hadi nyuma ya jokofu. Feni nimeipangusa. Na nimekwenda kwa Bwana Pyo, sababu Raon anataka kile chuma cha moto cha kuchomelea waya, na hicho nitakitoa mimi, si mtu wa glavu.

Ndani ya sanduku kuna chuma, kuna waya laini wa kuyeyusha, na kuna kitako kizito chenye springi na sifongo, kinakula nusu ya nafasi. Sifongo ninayo jikoni! Nikamwambia akitoe hicho, mahali pake aongeze waya wa kuyeyusha. Akakishika kwa mikono miwili. Akaanza tena wimbo wake, mama, hicho ndicho unachoegeshea chuma kikiwa moto... Nikamkatiza.

Kaniongezea kiganja kizima!

Wewe Agosti ukija wakati wa hiyo likizo, njoo na njaa na godoro moja jembamba, la mama mkwe wako. Chuma kipya nitakuwa nimekiegesha tu hapo kwenye mkeka, angalia unapokaa. Lakini kwanza pitia Jongno, mwambie Bwana Pyo wewe ni mwanangu, na usitoke hapo bila nyongeza.