Kufa na Kufufuka kwa Bawabu wa Changamwe

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili Mei, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane, saa tatu na robo asubuhi, mvua ya masika ikiyapiga mabati ya Changamwe kama ngoma za vita, Bawabu alianguka. Jongeeni basi, enyi wenye masikio na subira! Hii si habari ya mji uliotekwa wala ya ngome iliyovunjwa. Ni kubwa kuliko hizo, na shujaa wake ni Stambuli bin Khamis, simba wa kibodi, zao la shule ya bweni, mnyoosha mashuka asiyepata kuchelewa kengele.

Bawabu hakuwa mtu. Alikuwa programu iliyokaa kimya ndani ya kompyuta kuu ya kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Tawi lilipobisha kwa njia ya simu, Bawabu alilifungulia tundu la mawasiliano, mafundi waliitalo soketi, akalijibu mzigo wake uko wapi. Stambuli ndiye aliyemwandika. Na kwa kuwa alichukia utovu wa adabu, alimfunza kumwamkia kila mgeni kwa ukamilifu kabla ya neno la kazi: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, na dua ya kufungia.

Tangu Ijumaa Bawabu alikuwa akifa, akiinuliwa, akifa tena. Stambuli alikwisha kuapa mbele ya ofisi nzima kwamba muuaji ni Odhiambo, karani wa tawi la Likoni. “Mkiniona na kosa mimi,” alinguruma, “wallahi nitamwomba radhi mbele yenu nyote!”

Bi Mwanaima, meneja, akaingia akikung’uta maji kwenye buibui.

“Stambuli, wateja wamejaa barazani. Ikiadhiniwa adhuhuri na huyu Bawabu wako hajasimama, namtia stoo, nawe warudi kwenye mafaili.”

“Bi Mwanaima, ngome haianguki ila kwa msaliti! Nami, niliyelelewa kwa kengele na nidhamu, sitaondoka uwanjani hadi—”

“Baba, sikukuuliza ngome. Nimekwambia adhuhuri.”

Shujaa akaunyakua mkono wa simu kama mpini wa jambia, akaipigia Likoni.

“Ewe Odhiambo! Jieleze! Wamfanyia nini Bawabu?”

“Mimi, jemadari? Namuuliza kontena, ananiuliza watoto. Sina watoto! Nangoja weee, nachoka, nakata, naanza upya.”

“Wakata katikati ya salamu?”

“Sasa ningoje mpaka dua?”

Stambuli akaipekua programu yake mstari kwa mstari. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakupata kumpa mtu kisogo kabla salamu haijesha, hakuwahi kumwaza mgeni wa namna hiyo, wala hakumwandikia hata mstari mmoja. Bawabu aliendelea kumsemesha aliyekwisha kwenda. Mfumo ukampiga ishara kwamba soketi imefungwa upande wa pili. Naye, asiyefunzwa la kufanya, akaanguka pale pale, akiwaangusha na wageni wengine wote aliokuwa akiwahudumia.

Stambuli angaliweza kutengeneza kimyakimya na kumwachia Odhiambo lawama. Shetani alimnong’oneza hilo, akafukuzwa.

Akakunja mikono ya shati lililopigwa pasi, akashambulia. Akamwamuru Bawabu aipuuze ishara ile ya mauti. Neno lisipofika, aifunge soketi kwa heshima, amgeukie mgeni mwingine. Salamu hakuipunguza hata herufi. Kisha akamwinua na kupaza sauti kwenye simu:

“Odhiambo, mbishie Bawabu, kisha kata!”

Likoni ikakata. Bawabu akasimama.

“Kata tena, ewe katili!”

Bawabu akasimama wima, akamjibu mteja wa Bamburi mzigo wake wa vigae ulipo. Muadhini hajakohoa bado! Barazani pakapigwa vigelegele, na tangu Changamwe iitwe Changamwe haikupata kuona ushindi kama ule.

“Haya,” akasema Bi Mwanaima, “lililomuua nini?”

Stambuli akasimama mkakamavu mbele ya ofisi nzima, simu mkononi.

“Odhiambo, katika maisha ya muungwana hufika saa ambapo upanga wake mwenyewe—”

“Aah, hotuba sikuitaka, ndugu,” akamkatiza Odhiambo. “Kiapo chako kimefika hata huku Likoni. Uliapa utafanya nini?”

Shujaa akaiacha hotuba.

“Kosa lilikuwa langu. Niwie radhi.”

“Nimepokea,” akasema Odhiambo.

Deni likawa limelipwa.